Kutambua Vifaa vya Umeme Usivyovijua kwenye Injini ya Gari la Zamani: Mwongozo Kamili

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wenye magari ya zamani hapa Dodoma ni lile lile. Mtu anapiga picha kisanduku kilichofungwa kwenye ukuta wa injini, vumbi jekundu limekifunika, nyaya mbili au tatu zinatoka ndani yake, kisha anauliza hiki ni nini. Majibu yanayofuata huwa ya kukisia. Mmoja anasema ni katauti (kidhibiti cha chaji), wa pili anasema ni rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya honi, na wa tatu anashauri king'olewe kwa kuwa gari lake halina kitu kama hicho. Mwenye gari hununua kifaa chenye sura inayofanana, anakifunga, na kabla ya jua kuzama ananusa waya unaoungua.

Kosa liko katika kukitambua kifaa kwa sura yake. Kopo dogo la alumini linaweza kuwa flasha ya indiketa, kapasita ya kuzuia kelele za redio, au rilei, na yote matatu yakaonekana ndugu. Kifaa cha umeme hutambulika kwa nyaya zake: umeme unatoka wapi, unaelekea wapi, na unafika wakati gani. Mwongozo huu unafuata njia hiyo hatua kwa hatua, ukiwalenga zaidi wenye Land Rover za Series, Toyota Land Cruiser za familia ya 40, Peugeot 404 na 504, pamoja na Volkswagen Beetle.

## Vifaa vya kuandaa

- Mita ya kupimia umeme, yenye volti, omu na ampea hadi 10.
- Testa ya taa ya volti 12, yenye ncha kali na waya wa kubana. Ile bisibisi ya kupimia umeme wa nyumbani haifai kabisa kwa kazi hii.
- Balbu ya taa ya breki ya wati 21 ikiwa kwenye soketi yake, yenye nyaya mbili za urefu wa mkono.
- Waya wa majaribio wenye kibanio kila upande na fyuzi ya ampea 5 katikati.
- Tepu ya karatasi, kalamu isiyofutika, na daftari.
- Brashi laini, kitambaa, maji kidogo ya sabuni, tochi na kioo kidogo.
- Mchoro wa nyaya wa modeli yako, ukiweza kuupata. Usipoupata kazi bado itawezekana, ila itachukua muda mrefu zaidi.

Testa ya taa ni ya lazima hata kama una mita nzuri, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima ndani utaonyesha volti 12 kwenye mita ilhali hauwezi kuwasha hata taa ndogo. Testa huvuta umeme kidogo, kwa hiyo taa yake ikififia unajua mara moja kwamba waya huo umechoka.

## Hatua ya 1: Jua volti za gari na upande wa athi

Usiguse kifaa chochote kabla ya kulijua jambo hili. Fuata waya mnene unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye bodi au injini, kisha tazama umetoka kwenye ncha gani ya betri. Ukitoka kwenye hasi, gari lina athi hasi, yaani bodi ndiyo njia ya umeme iliyounganishwa na ncha hasi, kama magari ya leo. Ukitoka kwenye chanya, gari lina athi chanya, na hilo ni jambo la kawaida kwa magari ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960, zikiwemo Land Rover Series II na IIA za mwanzo.

Kisha thibitisha volti. Betri yenye vizibo vitatu vya maji ni ya volti 6, na yenye vizibo sita ni ya volti 12. Volkswagen Beetle za kabla ya modeli ya 1967 nyingi zilitoka kiwandani na volti 6. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika huonyesha takribani volti 12.6 kwenye mita.

Tahadhari. Unapotaka kutenganisha betri, anza na waya unaokwenda kwenye bodi, hata kama ni wa chanya. Ukianza na waya mwingine, spana yako ikigusa bodi itapiga shoti kubwa papo hapo. Pia usikubali neno la mtu kwamba gari lilishabadilishwa athi, kwa sababu alteneta ikiunganishwa kinyume, dayodi zake huungua kabla hujapata nafasi ya kuondoa waya.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuandika katika daftari mstari mmoja usio na shaka, kwa mfano: volti 12, athi hasi, betri 12.5.

## Hatua ya 2: Piga picha, safisha, wala using'oe

Piga picha ya sehemu nzima kwanza, kisha karibu, kisha kila ncha ya kifaa. Funga kipande cha tepu ya karatasi kwenye kila waya na uandike ncha uliyopo, hata kama ncha yenyewe haina herufi. Andika "juu kushoto" ikibidi.

Ondoa vumbi kwa brashi kavu kwanza, halafu kitambaa chenye unyevu wa maji ya sabuni. Usitumie petroli. Huyeyusha rangi za plastiki za nyaya, na cheche moja karibu na betri inatosha kuleta maafa. Kazi hii ifanyike asubuhi, kwa kuwa boneti iliyoachwa juani mchana wa Dodoma huufanya mpira wa zamani kulegea pembeni na kupasuka kwenye mikunjo. Nyaya zilizofunikwa kwa kitambaa, kama zile za magari ya miaka ya 1950, hazipaswi kukunjwa hata kidogo, kwani ganda la ndani limekwisha kukauka na linavunjika kama biskuti.

## Hatua ya 3: Soma kilichoandikwa kwenye kifaa

Mara nyingi jibu liko hapo hapo chini ya uchafu. Washa tochi kwa pembeni ili mwanga upite juu ya chuma ukiwa umelala. Herufi zilizogongwa huonekana kwa kivuli chake hata pale ambapo rangi imetoka.

Jina la Lucas linaashiria gari la Kiingereza, na sehemu nyingi za Lucas zimegongwa namba ya kifaa pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Ducellier na Paris-Rhône ni majina utakayoyakuta kwenye Peugeot. Bosch hutumia namba ndefu ya tarakimu kumi ambayo mwanzo wake unataja aina: 0 001 ni stata, 0 120 ni alteneta, 0 221 ni koili, na 0 332 ni rilei. Toyota nayo hutumia namba yenye sehemu mbili, na tarakimu tano za kwanza hutaja kazi ya kifaa. Ukikuta 27700 hiyo ni katauti ya chaji, 81980 ni flasha, 83420 ni sensa ya joto la maji, na 83530 ni swichi ya presha ya oili. Anayezijua namba hizi huenda dukani na swali lililonyooka, na muuza spea hana nafasi ya kumpa kitu cha kubahatisha.

Herufi na namba zilizo kwenye ncha zina thamani kubwa zaidi kuliko jina la kiwanda. Katika mfumo wa Kijerumani, 30 ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, 15 ni umeme unaokuja swichi ikiwashwa, 31 ni athi, 50 ni amri ya stata, 1 ni upande wa koili unaokwenda kwenye distributa, 49 na 49a ni za flasha, na 85, 86 na 87 ni za rilei. Kwenye koili za Lucas za zamani utaona SW na CB: SW hupokea umeme kutoka swichi, na CB huelekea kwenye platini (vipande vya kukata na kuunganisha umeme ndani ya distributa).

## Hatua ya 4: Soma rangi za nyaya, lakini usiziamini peke yake

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanabeba maana ya rangi kutoka gari moja kwenda jingine. Kwenye gari lenye nyaya za Lucas, waya wa kahawia ni umeme wa betri usiopita kwenye fyuzi yoyote. Kwenye Volkswagen na magari mengine ya Kijerumani, waya wa kahawia ni athi. Fundi aliyezoea Beetle akiufunga kahawia wa Land Rover kwenye bodi, waya wote utawaka mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Vivyo hivyo, mweusi ni athi kwa Lucas, lakini kwenye Toyota nyingi athi ni nyeupe yenye mstari mweusi.

Kwa magari ya Lucas, shika haya machache. Kahawia ni betri moja kwa moja. Nyeupe ni umeme wa swichi usio na fyuzi. Kijani ni umeme wa swichi uliopita kwenye fyuzi. Zambarau ni umeme wa wakati wote uliopita kwenye fyuzi. Bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, na nyeusi ni athi. Mstari wa rangi ya pili hueleza tawi: nyeupe yenye mstari mweusi hutoka koili kwenda distributa, kijani yenye zambarau ni taa za breki, na nyeupe yenye kahawia ni taa ya onyo ya oili.

Rangi ikiwa imefifia, usikate tamaa. Fungua tepu ya kifurushi cha nyaya sentimita chache mbali na injini, mahali ambapo jua, oili na moto havikufika. Ndani ya kifurushi rangi ya asili huwa bado iko kama ilivyotoka kiwandani, na ukimaliza unaifunga tena kwa tepu mpya.

Lakini magari haya yamepita kwenye mikono mingi. Ni kawaida kukuta kipande cha waya wa nyumbani, mwekundu au wa kijani na njano, umesokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi katikati ya waya wa kiwandani. Rangi hiyo haina maana yoyote. Kila kiungo cha kienyeji ukione kama mwisho wa ushahidi wa rangi na mwanzo wa hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Fuata waya mpaka mwisho wake

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Tenganisha betri. Chukua waya mmoja wa kifaa, uvute taratibu huku mkono wa pili ukisikiliza upande wa pili wa kifurushi ili ujue ni upi unaosogea. Pale unapopotea, weka mita kwenye omu, gusa mwanzo wa waya, kisha gusa nyaya zinazoshukiwa upande wa pili moja baada ya nyingine. Inayokaribia sifuri ndiyo yako, mradi ncha zote mbili zimechomolewa. Zikiachwa zimeunganishwa, mita inaweza kupita njia nyingine kupitia balbu au koili na kukudanganya.

Unene wa waya nao ni habari. Waya mnene kama kidole kidogo ni wa betri au stata. Waya mnene kiasi unaotoka kwenye alteneta au dainamo hubeba chaji. Nyaya nyembamba kabisa zinazoelekea kwenye dashibodi huwa za geji na taa za onyo. Kifaa chenye waya mmoja mwembamba, na kilichofungwa kwa uzi wake wa skrubu kwenye chuma cha injini, karibu kila mara ni sensa au swichi inayotumia injini yenyewe kama athi.

Kwenye daftari chora kifaa katikati ya ukurasa na kila waya utokee nje ukiwa na mwisho wake umeandikwa: "fyuzi ya tatu", "koili upande wa SW", "bodi", "haujulikani".

Utajua umefanikiwa pale ambapo hakuna waya uliobaki bila mwisho, au ulio bila mwisho umeandikwa wazi kwamba hauna.

## Hatua ya 6: Uliza umeme unafika lini

Rudisha betri, ukimalizia na waya wa bodi. Kibanio cha testa kishike bodi, kisha gusa kila ncha ya kifaa katika hali nne: kila kitu kimezimwa, swichi imewashwa bila kupiga stata, dereva anatumia kitu fulani, kama breki, honi, taa au waipa, na injini inaunguruma. Andika taa iliwaka lini.

Kinachowaka muda wote kiko chini ya betri: honi, kisanduku cha chaji, vitu vilivyoongezwa. Kinachowaka swichi ikiwashwa ni cha moto wa injini, geji, waipa au indiketa. Kinachowaka mguu ukikanyaga breki ni swichi ya breki, ambayo kwenye magari mengi ya zamani haiko kwenye pedali bali imefungwa kwa uzi kwenye kiungo cha mabomba ya breki, ikiwa na nyaya mbili, na watu wengi huidhani ni sensa ya joto. Usiifungue kuitazama. Maji ya breki yatamwagika na hewa itaingia kwenye mabomba.

Kuna mtego mmoja wa kuufahamu. Honi, rilei nyingi, swichi ya oili na sensa za geji huamriwa kwa upande wa athi, yaani umeme uko pale muda wote na kitufe hukamilisha tu njia ya kurudi. Kwa vifaa hivyo hamisha kibanio cha testa kwenye ncha ya betri isiyo ya bodi, kisha gusa waya. Sasa taa itawaka pale waya unapopata athi, na mbonyezo wa honi utauona kwa macho.

Tahadhari. Usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma kwenye gari la alteneta. Usiguse waya mnene wa katikati ya koili; umeme wake hufikia maelfu mengi ya volti. Na kwenye magari ya Kiingereza angalia solenoidi ya stata yenye kitufe cha mpira nyuma yake: kitufe hicho huzungusha injini hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo gari liwe nje ya gia na breki ya mkono imevutwa kabla mtu yeyote hajaweka mkono humo.

## Hatua ya 7: Pima kifaa chenyewe

Chomoa nyaya zake baada ya kutenganisha betri, kisha tumia omu. Rilei ya kawaida ya volti 12 huonyesha takribani omu 50 hadi 120 kati ya 85 na 86. Swichi huonyesha sifuri au hakuna kitu, na hubadilika inapobonyezwa. Sensa ya joto huonyesha omu mamia ikiwa baridi, na hushuka sana injini ikipata moto.

Ukitaka kukipa kifaa umeme ili uone kinafanya nini, usikipe moja kwa moja. Pitisha umeme kwenye balbu ya wati 21. Balbu hiyo hairuhusu kupita zaidi ya ampea 1.75 hivi, kwa hiyo kifaa kikiwa na shoti ndani, balbu itawaka kwa nguvu zote na hakuna kitakachoungua. Kikiwa kizima chenye kuvuta kidogo, balbu itafifia au haitawaka, na utasikia mlio wa rilei au solenoidi.

## Vifaa vinavyochanganya watu zaidi

### Kopo lenye waya mmoja lililofungwa kwenye bodi

Limefungwa karibu na koili, alteneta au katauti, lina waya mmoja, na halionekani kuwa na kazi. Hii ni kapasita ya kuzuia kelele za redio. Ukiipima kwa omu, namba itapanda kisha mita ionyeshe njia imekatika. Gari huenda bila hiyo vizuri tu, ila redio itakoroma. Ikipata shoti, hupeleka umeme wa koili kwenye bodi na injini huzimika ghafla. Wengi hubadilisha koili na platini bure kwa sababu hiyo. Isichanganywe na kondensa ya distributa, ambayo bila yake injini haifanyi kazi inavyopaswa na platini huungua mapema.

### Kipande cheupe cha kauri karibu na koili

Ni rezista ya koili. Hupunguza umeme wakati injini inaenda, na hupitwa wakati wa kupiga stata ili cheche iwe kali. Swichi ikiwa imewashwa na platini zimefunga, koili yenye rezista hupata takribani volti 6 hadi 9 badala ya 12. Usiache swichi hivyo kwa muda mrefu, koili itachemka. Wapo wanaoiondoa na kuunganisha waya mtupu wakiona cheche imeongezeka. Koili ya omu 1.5 bila rezista huvuta ampea 8 badala ya 4 hivi, na platini hazitadumu.

### Kisanduku cha katauti

Hiki ndicho kinachoharibiwa kuliko vyote, kwa hiyo tukitazame kwa karibu. Kwenye Land Rover na magari mengine ya Lucas yenye dainamo ni kisanduku cheusi chenye mfuniko, na chini yake safu ya ncha zenye herufi A, A1, F, D na E. D hupokea waya mnene wa dainamo, F ni waya mwembamba unaoamuru nguvu ya dainamo, E ni athi, na A pamoja na A1 hupeleka umeme kwenye betri na gari zima. Ukifungua mfuniko utaona koili mbili za waya wa shaba: moja hupima volti, nyingine hufunga na kufungua njia kati ya dainamo na betri. Aina ya baadaye ina koili tatu na herufi B, D, F, E na WL.

Usibonyeze kwa kidole kile kibati cha koili ya kufunga njia injini ikiwa imezimwa. Betri yote itamiminika ndani ya dainamo, na vidokezo vya kibati hicho (ncha za chuma zinazogusana) vinaweza kuungana kabisa. Usisugue vidokezo hivyo kwa msasa mkali pia. Vumbi la Dodoma linalobaki ndani ya mikwaruzo litaendelea kuvila.

Toyota za zamani zenye alteneta huwa na katauti ya nje yenye plagi ya nyaya sita, herufi zake zikiwa IG, N, F, E, L na B. Series III zilikuja na alteneta yenye katauti ndani yake, kwa hiyo ukiona kisanduku cha A na D kwenye gari lenye alteneta, hapo pana mabadiliko. Mafundi wengi walipoweka alteneta walikiacha kisanduku cha zamani mahali pake kikawa kiungo cha nyaya tu. Kinaonekana kimekufa, lakini umeme wa gari zima unapita kwenye A na A1. Ukikitoa, gari linazimika lote. Uthibitisho ni rahisi: kama nyaya za D na A zimefungwa pamoja kwenye ncha moja, au F haina waya, kisanduku hakidhibiti chaji tena. Chaji yenyewe, yoyote inayoisimamia, inapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye betri injini ikikanyagwa kidogo.

### Vitu vya kabureta na dizeli

Kipande cha chuma chenye waya mmoja kilichofungwa kwa uzi kwenye kabureta ni solenoidi ya silensa, yaani ya mwendo wa injini ukiwa hukanyagi mafuta. Swichi ikiwashwa hulia "tik". Isipolia, injini huenda lakini huzimika ukiachia mafuta.

Kwenye dizeli za zamani za Land Rover, hita plagi zimeunganishwa mfululizo, waya ukiruka kutoka moja hadi nyingine, na kile kifaa chenye waya uliojikunja kwenye ukuta wa injini ni rezista yao. Plagi hizo ni za volti chini ya 2 kila moja. Ukiipa moja volti 12 inakatika papo hapo. Kwenye Land Cruiser za dizeli, kisanduku chenye fimbo iliyoshika mkono wa pampu ni mota ya kuzimia injini. Usiifungue fimbo kabla ya kujua utaizimaje injini kwa mkono.

## Vitu vilivyoongezwa baadaye

Si machache magari ya zamani yaliyopo Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Singida yaliyowahi kutumikia miradi, misheni au idara za serikali. Yalifungwa redio za upepo (za mawasiliano), betri ya pili, winchi na taa za ziada, na yalipouzwa vifaa viliondolewa lakini nyaya zikabaki. Ishara zake ni waya mnene mwekundu unaoingia ndani ya gari kupitia tundu lisilo la kiwandani, kishikio cha fyuzi kitupu karibu na betri, rilei kubwa yenye ncha mbili nene za skrubu, na tundu la antena kwenye madigadi.

Vitu hivi havimo kwenye mchoro wowote, kwa hiyo usivitafute huko. Hatari yake ni kwamba mara nyingi vimeunganishwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, na panya au mtikisiko wa barabara ya vumbi ukiondoa ganda, moto huanza bila swichi kuwashwa. Waya wa aina hiyo uliouthibitisha mwisho wake, kwa hatua ya 5, kwamba hauendi popote, utoe kwenye betri kwanza, kisha uutoe wote. Usikate upande wa ndani na kuacha upande wa betri ukiwa hai.

## Hatua ya 8: Weka alama na upime uvujaji

Badilisha tepu za karatasi kwa alama zinazodumu, na uandike jina la kifaa kwenye kifaa chenyewe. Waya ambao bado haujulikani ufunikwe ncha yake, ufungwe mbali na chuma chenye moto, na uandikwe hivyo hivyo: "haujulikani, una umeme swichi ikiwashwa". Bakiza mchoro wako ndani ya gari, maana fundi atakayekusaidia Manyoni au Mtera usiku atauhitaji kuliko wewe.

Mwisho, zima kila kitu na ufunge milango. Toa waya wa bodi kwenye betri, kisha weka mita kwenye ampea 10 kati ya waya huo na ncha ya betri. Usipige stata wala kuwasha taa mita ikiwa hapo, itaungua. Gari la zamani lisilo na saa wala kengele ya wizi linapaswa kusoma sifuri. Likisoma chochote, chomoa fyuzi moja moja. Na kama hakuna fyuzi inayobadilisha namba, rudi kwenye nyaya zisizopita kwenye fyuzi, ukianza na zile nene za redio ya upepo na zile za A na A1, mpaka mita isome sifuri.